Mswada uko mkononi mwa nani: miezi 18 ya kutumia Trello katika ofisi ya vitabu Lubumbashi

Kila Jumatatu asubuhi mkurugenzi wetu alikuwa akisimama kwenye mlango wa chumba cha wahariri, akisalimia kila mmoja kwa zamu, kisha akiuliza swali lile lile: “Mama, kitabu cha kinyonga kimefika wapi?” Kazi yangu ni kusimamia safari ya kila kitabu tangu siku mswada unapopokelewa hadi siku maboksi yanaposhushwa kutoka kwenye lori, kwa hiyo swali lilikuwa langu, na jibu langu halikubadilika: “Papa, nipe nusu saa.” Katika nusu saa hiyo nilipiga simu nne au tano. Mhariri alidhani mswada uko kwa mchoraji. Mchoraji, ambaye anaishi Bukavu, alidhani tunasubiri ridhaa ya mwandishi. Mwandishi alidhani kurasa zimekwisha kupangwa na alikuwa ameanza kuwaahidi walimu nakala. Mara mbili nilikuta faili lenyewe limelala wiki tatu katika simu ya mtu ambaye hakujua kabisa kwamba zamu ilikuwa yake.

Ofisi yetu ni ndogo. Tuko watu 7 katika vyumba viwili, tunatoa vitabu vya watoto na vya kusoma shuleni kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na mwaka ukiwa mzuri hatuvuki vitabu 12. Nje ya vyumba hivyo wako mchoraji wa Bukavu, msomaji prufu wa Kinshasa, yaani anayesahihisha kurasa zilizopangwa kabla hazijachapwa, na matbaa ya Nairobi inayotuchapia vitabu vyenye picha za rangi. Zamani mawasiliano yote yalipita katika kundi moja la WhatsApp, ambamo pongezi za harusi, matangazo ya msiba na masahihisho ya ukurasa wa 14 vilifuatana bila kutengana. Kando yake kulikuwa na jedwali la Excel ambalo nililijaza mimi peke yangu na ambalo wengine hawakulifungua. Kwa miezi 18 sasa tunaendesha kazi kwa Trello, zana ya mtandaoni ya kufuatilia kazi, baada ya kujaribu zana nyingine tatu nitakazozieleza mbele kidogo. Naandika kwa ajili ya wenzetu wa vitabu, magazeti na vijarida wa Haut-Katanga na Kivu, ambao wanaulizana kama zana hizi za mtandaoni zinafaa mahali ambapo umeme unakatika na mega za intaneti zinanunuliwa kwa kuhesabiwa.

Trello ilianzishwa mwaka 2011 mjini New York na kampuni ya Fog Creek Software, na Januari 2017 ikanunuliwa na Atlassian ya Australia kwa dola milioni 425. Umbo lake ni rahisi kulieleza hata kwa mtu ambaye hajawahi kuligusa: kuna ubao, juu ya ubao kuna safu zilizosimama wima, na ndani ya kila safu kuna kadi zinazoweza kuburutwa kwa kidole kutoka safu moja kwenda nyingine. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Neno kanban kwa Kijapani lina maana ya kibao au bango, na katika viwanda vya magari vya Toyota mhandisi Taiichi Ohno alizifanya kadi kuwa njia ya kuongoza uzalishaji: sehemu mpya za gari hazikutengenezwa mpaka kadi irudi kutoka kwa waliozihitaji, ikionyesha kwamba zile za kwanza zimekwisha kutumika. Kitabu kinachotengenezwa kina tabia inayofanana na gari lililo kiwandani. Wakati wowote kiko mahali pamoja, na kuna mtu mmoja anayetakiwa kukishughulikia kabla hakijasogea.

Ubao wetu una safu 9, nasi tumezipa majina ya Kiswahili: Umepokelewa, Unahaririwa, Kwa mwandishi, Michoro, Kurasa, Prufu, Idhini ya kuchapa, Matbaani, Njiani. Hiyo ya saba ndiyo ambayo kila mtu hapa kwetu, hata anapozungumza Kiswahili, huiita BAT kwa Kifaransa (bon à tirer), yaani karatasi ambayo mkurugenzi anaitia sahihi ili matbaa ijue kwamba inaruhusiwa kuanza. Safu hizi hazikupatikana siku moja. Mwezi wa kwanza tulifanya kosa ambalo naamini ofisi nyingi hulifanya, na kwa kuwa lilikaribia kutufanya tuiache zana yenyewe, nitalieleza kwa urefu.

Tuliamua kwamba kila kazi iwe na kadi yake. Kuhariri sura ya kwanza, kadi. Kumwandikia mwandishi, kadi. Kuomba nambari ya ISBN inayotambulisha kitabu, kadi. Rangi ya jalada, kadi nyingine. Kufikia wiki ya nne tulikuwa na kadi 140 kwa vitabu 6 tu, na maji yalikuwa yamezidi unga. Ubao ulihitaji kusogezwa kwa kidole mara nyingi mno ili uonekane wote kwenye simu, kadi za kitabu kimoja zilitawanyika katika safu tano, na mkurugenzi alipouliza habari za kitabu cha kinyonga nilijikuta narudi kwenye simu zangu nne au tano kama zamani. Tulichokuwa tumefanya ni kuhamisha fujo ya WhatsApp na kuipa sura nadhifu.

Mwezi wa pili tulifuta kadi zote na kuanza upya kwa kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba kadi moja ni kitabu kimoja, na kazi ndogondogo zinaandikwa ndani ya kadi hiyo kama orodha ya kutiwa alama. Ya pili ni kwamba kila kadi ina jina la mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Trello inaruhusu kuweka watu wengi juu ya kadi moja, na kwa ofisi za namna nyingine huenda hilo linafaa, lakini kwetu kadi yenye majina matatu ilikuwa na maana kwamba kila mmoja anamsubiri mwenzake. Siku hizi anayemaliza sehemu yake anaburuta kadi hadi safu inayofuata, anaondoa jina lake na kuweka la anayepokea, na mpokeaji anapata taarifa kwenye simu yake papo hapo. Kadi nayo inahifadhi kumbukumbu ya nani aliisogeza, siku gani na saa ngapi. Sitii chumvi nikisema kwamba thamani yote ya zana hii kwa ofisi yetu iko katika jina hilo moja.

Orodha za ndani ya kadi zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo zana iliyotengenezwa mbali inapokutana na kazi ya Kiswahili. Hii ni sehemu ya orodha inayojitokeza yenyewe kila kadi inapoingia safu ya Prufu. Hatua ya kwanza inasema: ondoa nafasi kabla ya alama ya kuuliza, alama ya mshangao na nukta mbili. Wanaoandika kwa kompyuta zilizowekwa kwa Kifaransa wataelewa mara moja. Programu ya kuandika huongeza nafasi hiyo kwa kufuata kanuni za Kifaransa, jicho la mtu aliyesoma kwa Kifaransa haliioni, na kitabu cha Kiswahili kinatoka na alama zinazoelea mbali na maneno yake. Hatua ya pili inahusu kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa katika Kifaransa itakata kinyon-ga, wakati mtoto anayejifunza silabi anapaswa kuona kinyo-nga. Katika kitabu chetu chenye jina la mnyama huyo neno hilo lilikatwa vibaya mara 6, na msomaji prufu aliyekuwa makini na hadithi alizipita zote. Hatua nyingine zinakagua kwamba nambari ya ISBN ina tarakimu 13 na inafanana ndani ya kitabu na nyuma ya jalada, kwamba jina la mchoraji limeandikwa sawa mahali pote, na kwamba kurasa zimetimia 16, 32 au 48, kwa kuwa karatasi kubwa ya matbaa hukunjwa katika mafungu ya kurasa 16, na ukurasa mmoja ukizidi, unalipia fungu zima.

Orodha hiyo inajitokeza yenyewe kwa sababu ndani ya Trello kuna sehemu ya kuamuru, iitwayo Butler, inayofuata maagizo rahisi ya aina ya “kadi ikifika hapa, fanya hivi”. Kwa wasiolipa, maagizo hayo hutekelezwa hadi mara 250 kwa mwezi, na ofisi yenye vitabu 12 kwa mwaka haikaribii kiasi hicho. Naipenda sana sehemu hii, kwa sababu imeniondolea kazi ya kuwakumbusha wakubwa zangu mambo wanayoyajua vizuri lakini wanayasahau wanapochoka.

Sasa nije kwenye umeme na mega, jambo ambalo tathmini zilizoandikwa Ulaya au Marekani hazigusi. Hapa tunaishi na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, na hakuna anayeweza kupanga siku yake ya kazi kama kwamba umeme utakuwapo kutwa nzima. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa zana yoyote ni hili: kompyuta ikizimika saa nne asubuhi, je, nitaendelea kujua mswada uko kwa nani? Programu ya Trello ya simu inajibu ndiyo. Inahifadhi ubao ndani ya simu, inakuruhusu kusoma kadi, kuandika maoni na kusogeza kadi bila mtandao, kisha mtandao ukirudi inapeleka mabadiliko yenyewe. Kadi ni maandishi matupu kwa sehemu kubwa, na maandishi ni mepesi. Mhariri wetu anayenunua mega za siku anaweza kushughulikia ubao asubuhi na jioni bila kuona salio lake likiporomoka. Kinachokula mega ni viambatisho, na hasa picha za mchoraji, kwa hiyo tumekubaliana kwamba picha za jalada haziwekwi juu ya kadi.

Hata hivyo sikuuamini mtandao peke yake. Ukutani mwa chumba cha wahariri tuna ubao wa mbao laini wenye safu zile zile 9, na kila Ijumaa alasiri nabandika vipande vya karatasi kulingana na ubao wa Trello ulivyo saa ile. Kazi hiyo inachukua dakika 10. Wiki ambayo mtandao ulitupotea siku nne mfululizo, ubao wa mbao ndio uliotuongoza, na mtandao uliporudi tulisahihisha ule wa Trello kwa kutazama ukuta. Napendekeza jambo hili kwa ofisi yoyote ya mji wenye hali kama yetu, na sioni kwamba linaipunguzia Trello heshima.

Kuhusu saa na tarehe nina jambo la kueleza ambalo lilitugharimu. Kabla ya kuanza kutumia tarehe za mwisho za kwenye kadi, tuliagana na matbaa kwa simu. Mtu wa Nairobi alisema faili za kitabu kimoja zifike Jumatano kabla ya saa tatu. Mpangaji kurasa wetu, ambaye amezoea kuhesabu kwa saa za Kifaransa kama wengi wa ofisini, alisikia tatu akaelewa saa 15. Alituma faili saa 13, akiwa na furaha kwamba amewahi. Kwa mwenzake, saa tatu ilikuwa ya asubuhi, yaani saa 9 ya Nairobi kwa hesabu ya Kifaransa, ambayo ni saa 8 ya Lubumbashi, kwa kuwa Nairobi iko saa moja mbele yetu. Mashine ilikwisha kupewa kazi ya mteja mwingine, na kitabu chetu kilisubiri siku 9. Hakuna aliyekosa adabu wala aliyezembea. Wote wawili walizungumza Kiswahili safi na wote wawili walisema kweli. Ukiongeza kwamba msomaji prufu wa Kinshasa yuko saa moja nyuma yetu, utaona kwamba kitabu kimoja kinapita katika saa za namna tatu na hesabu za namna mbili. Tarehe ya mwisho kwenye kadi ya Trello inaandikwa kwa tarakimu, na kila mtu anaiona kwa saa ya mahali alipo. Tangu tuanze kuitumia, neno “saa tatu” halijatuletea hasara tena.

Tarehe hizo hizo, lakini, zilileta ugumu ambao sikuutarajia. Kwenye kadi ambayo muda wake umepita, tarehe hugeuka nyekundu, na ubao unaonwa na wote. Mhariri wetu mkubwa, mzee aliyefundisha vijana wengi wa ofisi hii na ambaye bado anasahihisha kwa penseli juu ya karatasi, alikaa kimya wiki nzima, kisha akaniita kando. “Mtoto wangu,” aliniambia, “kuchelewa nimechelewa, sikatai. Lakini kwa nini jina langu liwekwe katika rangi nyekundu mbele ya vijana?” Sikuwa na jibu. Kwa waliotengeneza zana hii nyekundu ni taarifa tu; kwa mzee wetu ilikuwa karipio la hadharani, na kwa desturi zetu mkubwa hakaripiwi mbele ya wadogo. Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, tarehe inawekwa na mwenye kazi mwenyewe baada ya kuzungumza nami, kwa hiyo ni ahadi yake na si amri yangu. Pili, siku mbili kabla ya tarehe naenda kumwona, na kama hatamaliza tunaisogeza tarehe pamoja kabla haijageuka rangi. Mzee bado anasahihisha kwa penseli, na mpwa wake ndiye anayesogeza kadi kwa niaba yake. Ofisi inayotaka kuleta zana hizi ianze kwa kukaa na wazee wake kabla ya kukaa na fundi wa kompyuta.

Mipaka ya Trello isiyolipiwa ni lazima ijulikane mapema, na yote inatangazwa wazi na kampuni yenyewe. Faili moja linaloambatishwa lisizidi megabaiti 10. Kwa ofisi ya vitabu mpaka huu unabana sana: PDF ya kuchapa ya kitabu cha picha chenye kurasa 32 hupita kiasi hicho kwa mbali, kwa hiyo tunaweka faili kubwa katika Google Drive, ambayo inatoa gigabaiti 15 bila malipo, na juu ya kadi tunaweka kiungo tu. Kwa upande mmoja hili limetusaidia, kwa kuwa kila kadi ina kiungo kimoja cha faili linalotumika na hakuna tena kuulizana kati ya nakala tatu zote zenye jina la “mwisho” ni ipi ya kweli. Mpaka wa pili ni watu 10 katika eneo moja la kazi. Sisi 7, mchoraji, msomaji prufu na mtu wa matbaa tumetimiza kumi kamili, na waandishi wamebaki nje. Nilihuzunika mwanzoni, kwani mwandishi ana haki ya kujua kitabu chake kilipo, lakini tumejiwekea desturi ya kumwandikia kila kadi yake inapovuka safu, na wengi wao wameipenda barua hiyo fupi. Mpaka wa tatu ni kwamba kuiona kazi katika umbo la kalenda au la mistari ya muda kunahitaji kulipia.

Malipo ya ngazi ya chini, nilipoyatazama, yalikuwa dola 5 kwa kila mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa watu wetu 7 tu hiyo ni dola 420 kwa mwaka, na ngazi yenye kalenda ni maradufu ya hiyo. Kwa nyumba ya vitabu ya mji kama huu, dola 420 ni karatasi, ni nauli ya kupeleka vitabu Likasi na Kolwezi, na isitoshe zinatakiwa kadi za benki zinazokubalika kimataifa, ambazo si kila ofisi inazo. Tumeamua kutolipa, na kwa vitabu 12 kwa mwaka sijaona siku ambayo uamuzi huo ulituumiza. Nyumba yenye vitabu 40 ingelazimika kufikiri vingine.

Kabla ya Trello tulijaribu Asana, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, pamoja na Justin Rosenstein. Ni zana yenye nguvu, na kwa kupanga safari ndefu zenye hatua zinazotegemeana, sehemu yake ya mistari ya muda ni bora kuliko chochote nilichokiona: ukichelewesha prufu wiki moja, unaona mara moja lori la kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa nalo linasogea wiki moja. Lakini sehemu hiyo ni ya wanaolipa, na wenzangu waliuona ukurasa wake umejaa mambo mengi mno kwa kioo cha simu. Zana ya pili tuliyoijaribu sitaitaja jina. Muda wake wa majaribio ulipokwisha tulishindwa kufungua miswada yetu wenyewe mpaka tulipe, na tulitumia siku mbili kuandika upya kwa kumbukumbu mambo tuliyokuwa tumeyajaza. Tangu hapo, kabla ya kuweka hata neno moja katika zana mpya, natafuta kwanza mlango wa kutolea kazi yetu.

Ya tatu, Kanboard, nataka kuisifu kwa dhati, kwa sababu wengi hawaijui. Ni programu huria, haina malipo, ina ubao na kadi kama Trello, na inaweza kuwekwa juu ya kompyuta moja ya ofisi na kutumiwa na wote kupitia wifi ya ndani bila kununua mega hata moja. Tuliiweka juu ya kompyuta ya zamani ya mkononi, ikafanya kazi vizuri miezi miwili. Tuliiacha kwa sababu moja tu: mchoraji wa Bukavu na msomaji prufu wa Kinshasa hawakuweza kuufikia ubao uliokuwa ndani ya kuta zetu. Kama ofisi yako ina watu wake wote chini ya paa moja, pamoja na kijana mmoja anayejua kutunza kompyuta na kuchukua nakala za akiba, nakushauri uanze nayo hiyo na usihangaike na mtandao.

Lugha ya Trello kwetu ni Kifaransa, kwa kuwa katika orodha ya lugha zake sikukikuta Kiswahili. Wahariri hawalalamiki, lakini mtunza stoo wetu, ambaye Kifaransa chake ni cha taabu, alijifunza vitufe kwa umbo na mahali vilipo. Majina ya safu, orodha na maoni yote ni ya kwetu, na humo Kiswahili kinatawala. Nimeona jambo lililonipendeza: watu ambao barua zao za kikazi walikuwa wakiziandika kwa Kifaransa tu sasa wanajadiliana kuhusu prufu kwa Kiswahili, na msamiati wa kazi yetu, kama pambizo, aya, kielelezo na kunukuu, umeanza kutumika vinywani mwao.

Ubao, hata hivyo, hauhariri. Maandishi yenyewe tunayashughulikia katika Google Docs kwa njia ya mapendekezo, ambapo mwandishi anaona kila neno lililoguswa na kulikubali au kulikataa, na mabishano juu ya sentensi tunayaacha huko huko. Wiki za mwanzo watu walijadili mtindo ndani ya kadi, na kadi moja ikafikia maoni 60 ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Tena ubao haujui kama kazi imefanywa vizuri. Mwaka jana kitabu kimoja kilipita safu zote, orodha zake zote zikiwa zimetiwa alama, na bado jina la mwandishi lilitoka na herufi moja pungufu mgongoni mwa kitabu, kwa sababu aliyetia alama alitazama jalada la mbele. Tuliongeza neno “mgongoni” katika orodha. Nakala 500 tulizibandikia kipande cha karatasi kwa mikono yetu.

Vitabu vikishafika ghalani kadi hatuifuti, tunaihifadhi kando, na kila mwisho wa mwezi natoa nakala ya ubao mzima katika faili la JSON na kuiweka juu ya diski ya nje inayolala katika kabati la mkurugenzi. Faili hilo halisomeki kwa raha kwa jicho la mtu, lakini kadi zote zimo. Mwezi uliopita tuliamua kuchapa tena kitabu cha kinyonga. Niliirudisha kadi yake kutoka hifadhini, na ndani nilikuta kiungo cha faili lililochapwa, sahihi ya BAT, maelezo ya mchoraji kwamba kijani cha ukurasa wa 14 kilitoka cheusi mno, na ile hatua ya orodha inayohusu kinyo-nga, iliyotiwa alama mara moja tu na mtu anayejulikana. Niliweka jina la mpangaji kurasa juu ya kadi, nikaiburuta hadi safu ya Kurasa, na jioni ile ile alikuwa anarekebisha kijani.